Maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi otomatiki, oili imekuwa kama maziwa ya Vimto. Naomba msaada wa haraka

Dereva wa Marafa (Jumatatu, saa 3 usiku)

Ndugu zangu, salaam. Naomba aliyewahi kuyaona haya kwa macho yake ndiye anijibu kwanza.

Niko Malindi. Nina gari ya viti 8, ya petroli, giaboksi otomatiki ya gia 4, na ndiyo inayolisha nyumba yangu. Asubuhi napeleka watu Watamu na Gede, jioni nikipata wageni nawapeleka Marafa kule Nyari waone jua likizama kwenye yale makorongo mekundu. Jana tulikuwa tunarudi kutoka huko huko. Hatujafika mbali, gari ikaanza kutetemeka. Haikuwa barabara. Ni kama unapitisha tairi juu ya ubao wa kufulia, na inakuja nikiwa kwenye spidi 60 au 70 tu. Nikikanyaga mafuta inapotea, nikiachia inarudi. Nikasema moyoni ni plagi, kwa sababu kubadilisha plagi nimechelewa. Nikaendesha hadi mjini, karibu kilomita 30.

Leo asubuhi nikitia D, gari inakaa kama sekunde mbili haijashika, halafu inashika kwa kishindo. Nikachomoa dipstiki ya giaboksi. Oili si nyekundu tena. Ni ya waridi, nzito, ina povu, sawasawa na yale maziwa ya Vimto ya futari. Na imepanda kupita alama ya juu, wakati mimi sijaongeza hata tone. Chupa ya akiba ya rejeta nayo ina utando mwekundu unaelea.

Oili ya injini ni safi. Fundi mmoja anasema ni gasketi ya silinda hedi, tufungue injini. Mwingine ananiambia mwaga hiyo oili, tia mpya, endelea na kazi. Kesho kutwa nina wageni wa kuchukua uwanja wa ndege. Nifuate lipi?

Kijana wa Gongoni

Pole kaka. Mwaga oili, tia mpya, halafu nunua ile dawa ya unga ya kuziba rejeta. Mimi ilinisaidia, rejeta ilikuwa inavuja ikaacha. Wageni wako utawachukua bila shida.

Fundi wa Majengo (Jumatatu, saa 4 na nusu usiku)

Mwanangu, hiyo gari usiiwashe tena. Hata kuisogeza kutoka juani kwenda kivulini usiiwashe. Wageni watafutie gari ya mwenzio.

Gasketi ya silinda hedi sahau. Hakuna njia inayotoka kwenye silinda hedi kwenda kwenye giaboksi. Mahali maji na oili ya giaboksi yanapokaribiana ni sehemu moja tu kwenye gari kama yako, na ni ndani ya rejeta. Angalia chini ya rejeta, utaona paipu mbili nyembamba zinatoka kwenye giaboksi. Zinaingia kwenye tangi la chini la rejeta, na ndani ya lile tangi kuna mrija wa kupozea oili. Oili inapita ndani ya mrija, maji yanauzunguka nje. Mrija ukitoboka, au mpira wa pale paipu inapoingia ukichoka, basi vinachanganyika.

Sasa utaniuliza mbona vimechanganyika pande zote mbili. Gari ikinguruma, pampu ya giaboksi inasukuma oili kwa nguvu kuliko maji, kwa hiyo oili ndiyo inayotokea upande wa maji. Ndio huo utando wako mwekundu. Ukizima injini, pampu inasimama, oili inakuwa haina nguvu yoyote. Maji bado ni ya moto na kifuniko cha rejeta kinayazuia. Soma juu ya kifuniko chako, kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha maji yanayoibeba kabla kifuniko hakijaachia. Presha yote ile inakosa pa kwenda, inapita kwenye tundu na kuingia kwenye giaboksi. Kwa hiyo giaboksi yako ilikuwa inakunywa maji usiku, wewe umelala.

Ule mtetemo wa 60 hadi 70 ni klachi ya ndani ya toki konveta, kile kiungo cha kati ya injini na giaboksi, inapojaribu kufunga. Hiyo ndiyo ya kwanza kulalamika.

Na wewe wa Gongoni, mwanangu, hiyo dawa ya unga isitiwe. Inaziba tundu la nje linalokutana na hewa. Hapa tundu lina oili upande mmoja na maji upande wa pili. Unga utazunguka, utaziba mirija myembamba ya rejeta na ya hita, na tundu litabaki.

Dereva wa Marafa

Ami, ahsante sana. Gari imelala. Wageni nimempa jirani yangu.

Nina maswali mawili. Nitaifikishaje Majengo bila kuiwasha? Na kuna ubaya gani maji kidogo yakiingia, si oili ni nyingi?

Fundi wa Majengo

Usiifunge kamba kuivuta. Giaboksi otomatiki inapata oili kutoka kwa pampu, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendesha yanazunguka, vyuma ndani vinasagana vikavu. Tafuta gari ya kubeba, ipande juu yote, au magurudumu yanayoendesha yanyanyuliwe. Kama huna uwezo huo nitakuja mimi hapo nyumbani, kazi yenyewe haihitaji shimo.

Ubaya wa maji. Ndani ya giaboksi kuna pleti za klachi. Ni chuma, na juu ya chuma kumegandishwa kitu mfano wa karatasi ngumu, ndicho kinachoshika. Ile karatasi inanyonya maji kuliko inavyonyonya oili. Maji na kulanti, ile dawa ya rejeta, vinaingia hadi kwenye gundi, gundi inalegea, karatasi inabanduka. Zile chembe zinakwenda kwenye chujio, zikipita hapo zinakwenda kwenye valvu bodi, mahali ambapo vijichuma vinateleza kwenye vitundu vilivyovibana. Chuma kinashika kutu. Mipira inavimba. Yote haya yanaanza kimyakimya, na moto wa safari unayaharakisha.

Swali langu kwako sasa: rejeta yako unaitia maji gani?

Dereva wa Marafa

Ami, sitaficha. Miaka miwili natia maji ya kisima. Mambrui kuna nyumba nasimama kila safari, pana kisima, najaza chupa. Maji yale ukiyanywa yana chumvi kidogo lakini sikuona kuwa gari itajali.

Mzee wa Garsen

Inajali, kijana wangu. Mimi naendesha lori barabara ya Lamu, miaka mingi, na rejeta nilizozika zote zimeuliwa na maji ya visima vya kuanzia Gongoni hadi Marereni. Nchi ile wanavuna chumvi, mabwawa yale meupe unayaona kutoka barabarani. Maji ya chini yatakuwaje matamu? Chumvi inakula alumini kwa kuitoboa vitundu vidogo, nje huoni kitu, rejeta inang'aa. Hata maji ya bomba ya Sabaki si ya kutia peke yake. Maji matupu hayana dawa ya kuzuia kutu. Kulanti ndiyo yenye dawa, nusu kwa nusu na yale maji safi ya betri. Yale ya kuongezea, yasiyo na asidi, usichanganye chupa.

Ushauri wangu mwingine: hiyo njia ya ndani ya rejeta iache kabisa. Weka kipozeo cha oili cha peke yake mbele ya gari, oili na maji visionane tena maisha.

Fundi wa Majengo

Mzee wangu amesema kweli kuhusu kisima. Kuhusu kipozeo cha nje sipingi, na hapa kwetu kinafaa zaidi, kwa sababu ule mrija wa ndani ya rejeta kwenye nchi za baridi una kazi ya pili ya kuipasha oili moto asubuhi. Malindi oili haihitaji kupashwa. Ila kiwe kikubwa cha kutosha na kifungwe mahali penye upepo, si nyuma ya bampa. Nimeona watu wamefunga kidogo kama daftari, wakapanda nacho Marafa na abiria saba, oili ikaungua. Kama pesa ni ya kitu kimoja, nunua rejeta mpya kwanza.

Binti Muyeye

Samahani kuingilia. Mimi si fundi, nina gari ndogo otomatiki ya kwenda kazini Watamu. Nimesoma uzi huu nikatoka na tochi kuangalia. Chupa yangu ya maji ina mafuta mekundu juu, kidogo, kama duara la shilingi. Dipstiki ya giaboksi bado ni nyekundu ila ina vipovu viwili vitatu. Gari inakwenda vizuri kabisa. Nisubiri au?

Fundi wa Majengo

Binti yangu, usisubiri. Wewe uko mahali ambapo huyu ndugu yako alikuwa pengine wiki mbili zilizopita. Kesho panda tuktuk. Nitumie ujumbe ndani.

Nyote mnaweza kupima wenyewe. Toa oili ya giaboksi kidogo kwa dipstiki, matone mawili matatu, tia kwenye kijiko kikavu, ukishike juu ya jiko kwa mbali. Oili safi inatoa moshi kidogo basi. Ikilia cha-cha-cha na kuruka kama kitunguu kibichi kwenye mafuta, ina maji.

Dereva wa Marafa (Alhamisi, saa 2 usiku)

Mrejesho.

Ami alikuja nyumbani jana na kijana wake. Kijiko kililia, hata mke wangu alisikia kutoka ukumbini. Tukaitoa rejeta. Tundu moja la mrija wa oili tukaliziba kwa boliti na mpira, la pili tukatia hewa ya kompresa ya jamaa wa pancha, kidogo tu, tukaizamisha rejeta kwenye pipa la maji. Mapovu yakatoka kwenye mdomo wa juu wa rejeta, mfululizo. Nilisimama pale nikayatazama hadi ami akaniambia zima hewa.

Kuna mtu alikuwa amenishauri tuichomelee. Ami akanionyesha, matangi ni ya plastiki yamebanwa kwenye alumini, na mrija uko ndani. Hakuna pa kuchomelea. Rejeta mpya imetoka Mombasa kwa basi, 9,500.

Oili: nilidhani unafungua boliti ya chini, inatoka, unatia nyingine, kwisha. Giaboksi yangu inachukua lita 8 zote pamoja. Ukifungua boliti zinatoka tatu na nusu. Nyingine imebaki ndani ya toki konveta na mapaipu. Ami akanipigia hesabu kwa mkaa ukutani: ukimwaga mara moja, katika kila sehemu 100 za uchafu zinabaki 56. Mara ya pili 32. Mara ya tatu 18. Mara ya tano bado una 6. Na maji hayahitaji kuwa mengi kuidhuru ile karatasi.

Kwa hiyo tukafanya hivi. Tulishusha sampu kwanza, lile karai la oili chini ya giaboksi, tukaosha, tukatoa sumaku zilizokuwa na tope la kijivu, tukabadilisha chujio. Mapaipu tukayapuliza. Halafu paipu ya kurudishia oili tukaitumbukiza kwenye ndoo, injini ikawashwa ikiwa imesimama, ikitoka kama lita moja tunazima, tunatia lita moja mpya, tunawasha tena. Lita 14 zimekwenda, kwa 950 kila moja. Mwanzoni ilitoka kama Vimto ya maziwa, ikawa kama juisi ya mapera, mwisho nyekundu ya kuona kidole nyuma yake. Chujio 2,800, kazi 4,000. Jumla 29,600.

Gari inakwenda. Mtetemo umepungua sana. Namshukuru Mungu na namshukuru ami.

Kijana wa Gongoni

Hongera kaka. Nakubali nilikosea kuhusu ile dawa. Ile oili mbovu mlimwaga wapi?

Fundi wa Majengo

Umeuliza la maana. Tumeijaza kwenye madebe yaliyofungwa. Kulanti ya ethileni glikoli ni tamu na ni sumu, mnyama akiionja anairudia. Majengo mbuzi wanatembea barabarani na paka hawahesabiki. Ukimwaga kwenye beseni ukaliacha wazi usiku, asubuhi utaokota mzoga wa paka wa jirani. Na watoto nao. Funika.

Dereva, usishangilie bado. Nilikwambia pale pale nyumbani na narudia hapa watu wasome: hatujui zile kilomita 30 zimefanya nini ndani. Angalia dipstiki kila asubuhi, na usiende Marafa wiki mbili hizi.

Binti Muyeye (Jumapili)

Yangu nayo imefanywa jana. Ilipopimwa mapovu yalikuwa machache, tundu liko pale paipu inapoingilia, si kwenye mrija. Oili ilitoka nyekundu iliyofifia, haikufika kuwa ya waridi. Rejeta mpya, lita 10, chujio. Na upande wa maji tuliusafisha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni ya unga isiyotoa povu jingi, kwa sababu mafuta yalikuwa yameshika ndani ya chupa. Ahsanteni. Nisingefungua uzi huu ningeendelea kuendesha.

Dereva wa Marafa (siku 19 baada ya kusafisha)

Ndugu zangu, imerudi. Si maji. Oili bado ni nyekundu ila imekuwa na giza na inanuka kuungua. Jana natoka Gede, ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapiga kelele, gari haiendi, halafu inashika. Leo haishiki kabisa. Nina ya kwanza, ya pili, na ya nyuma kwa taabu.

Mzee wa Garsen

Pole sana kijana wangu.

Fundi wa Majengo

Ilete. Ibebwe juu, kama nilivyosema. Tutaifungua uone mwenyewe.

Dereva wa Marafa (siku mbili baadaye)

Imefunguliwa. Nimeona.

Pleti za klachi ya gia ya tatu, karatasi imebanduka kama ngozi ya samaki aliyechemka kupita kiasi. Nyingine zimebaki chuma kitupu, cheusi kwa moto. Vipande vimejaa kwenye lile chujio jipya la wiki tatu. Kwenye valvu bodi, vijichuma viwili vina madoa ya kutu, kimoja kimekwama kabisa, ami akakisukuma kwa kijiti hakiendi. Toki konveta tukaiinamisha, ikatoka oili yenye unga kama kahawa iliyotuama.

Nimemwuliza ami swali moja tu: ningesimama pale nilipoanza kusikia mtetemo, ingepona? Akanijibu kuwa hawezi kuapa, lakini gari ya binti wa Muyeye ilikuwa na ugonjwa ule ule na giaboksi inayofanana na yangu, na ilisafishwa na mikono ile ile. Tofauti ni kuwa yake haikuendeshwa baada ya kuonekana, na yangu ilipanda na kushuka na maji tumboni.

Kuifufua ilihitaji pleti zote, mipira yote, valvu bodi na toki konveta. Tumepata nyingine iliyotumika Japani, pamoja na toki konveta yake, 55,000, kazi 8,000, oili mbali. Nimekopa kwenye chama chetu cha madereva. Ami ameweka kipozeo cha nje, kikubwa, mbele ya kile cha AC. Mrija wa ndani ya rejeta umeachwa bila kazi.

Kijana wa Gongoni

Wajuzi, ni gari za aina fulani tu au zote?

Fundi wa Majengo

Yoyote ambayo oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta. Zipo zilizojulikana zaidi. Marekani wenye Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za 2005 hadi 2010 waliusumbukia ugonjwa huu hadi mahakamani. Lakini mimi nimeuona kwenye gari za kila kampuni, na hapa pwani sababu niliyoikuta mara nyingi ni maji tunayotia na rejeta iliyozeeka bila kubadilishwa. Gari nyingine hazina njia hiyo kwenye rejeta, zina kipozeo kidogo kilichofungwa kwenye giaboksi yenyewe, maji yanapita humo. Nacho hutoboka vile vile. Na gari nyingi za siku hizi hazina dipstiki ya giaboksi, kwa hiyo wewe wa gari hizo chunguza chupa ya maji kila Ijumaa. Ukiona wekundu unaelea, usiwashe.

Wenye CVT, zile otomatiki za mkanda na puli badala ya gia, msijione mmesalimika. Ile mkanda wake wa chuma unategemea oili kushika bila kuteleza, maji yakiingia unakwaruza puli, na puli iliyokwaruzwa haisafishiki.

Dereva wa Marafa (miezi 4 baadaye)

Narudi kwenye uzi wangu. Gari inafanya kazi, oili nyekundu, kipozeo ni salama. Mkopo umebaki mwezi mmoja. Kisima cha Mambrui nakipita na salamu tu, nyuma ya kiti nina lita 5 za kulanti iliyokwishachanganywa.

Ami, nimeona kitu leo. Mpira wa juu wa rejeta, ule mnene, umevimba karibu na klempu. Nikiuminya ni laini mno, kama ndizi iliyopitiliza, na ule wa chini ni mgumu wa kawaida. Maji hayapungui. Ni nini?

Fundi wa Majengo

Ni ile oili iliyopita kwenye maji, mwanangu. Mpira wa maji haukutengenezwa kuvumilia oili, unavimba na kulainika polepole. Wako umekunywa wakati ule. Utapasuka siku ya moto na mzigo. Badilisha wa juu, wa chini na ile miwili midogo ya hita, yote pamoja, na kifuniko cha rejeta kwa sababu mpira wake nao ni ule ule. Usiende Marafa nao. Jumamosi niko kuanzia saa 3 asubuhi, njoo na kulanti yako.